Kahawia Juu ya Shamba la Mama

Jumatatu, 10 Machi

Dada, nisamehe kwa kuchelewa kukuandikia. Mwaka mmoja na miezi minne si kuchelewa tena, najua, ni kususa. Kila nikishika kalamu naandika "Dada yangu," halafu nayakumbuka maneno niliyokutupia siku ile unapakia mizigo, nafunga daftari, nakwenda kuosha vyombo. Mwezi uliopita nilikupigia simu mara mbili, ukakata. Sikulaumu. Nimeona heri daftari. Hata ukilitupa chini ya kitanda leo, kesho ukifagia utaliokota. Nitaandika kidogo kidogo mpaka hili jambo lifike mwisho, kisha nitampa dereva wa basi akuletee huko hospitalini unakofulia mashuka.

Sisi hatujambo. Binti yangu ametimiza miaka mitano na kijiji kizima kinamwita Swali, maana hafungi mdomo. Mdogo wake, ambaye hujawahi kumwona, ana miezi minane na meno mawili, na yote mawili anayajaribia kwangu. Baba yao yuko kambi ya ujenzi wa barabara, siku mbili kwa basi. Hupiga simu Jumapili, mtandao ukipenda.

Nimeandika leo kwa sababu leo wamebandika ramani kwenye ukuta wa ofisi ya kata. Ni rasimu ya mpango wa matumizi ya ardhi, karatasi kubwa kama shuka la kitanda, inasema wapi patakuwa na nyumba, wapi mashamba, wapi malisho, wapi soko. Njano ni makazi. Kijani ni kilimo. Watu walikuwa wamejazana, kila mtu anatafuta kwake kwa kidole. Nikalipata lile jiwe kubwa la njia panda, nikashuka na mkondo wa maji, nikafika kwetu. Shamba la Mama lote, na nyumba ndani yake, ni kahawia. Nikashusha macho kwenye kisanduku cha maelezo. Kahawia: dampo la taka.

Nilisoma mara tatu.

"Mama, sisi ni kahawia?" Swali akauliza, kwa ile sauti yake ya kuamsha wafu.

Nikamwambia anyamaze, tukaondoka.

Mwenye pingamizi alete kwa maandishi ndani ya siku arobaini na tano. Kikao cha kuwasikiliza watu ni tarehe 24 Aprili. Baadaye ramani itapigwa muhuri, na muhuri huo utakaa miaka kumi.

Jumatano, 12 Machi

Mvua ya kwanza. Bati linavuja palepale lilipokuwa likivuja enzi za Mama, juu ya kabati. Nimeweka sufuria.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekwenda tena kuitazama ramani, kana kwamba itakuwa imebadilika. Haikubadilika. Vinukta vyeusi ni nyumba. Jirani yetu Mama Redio ana kinukta. Hata kile kibanda cha fundi baiskeli kilichoanguka mwaka juzi kina kinukta. Kwetu hakuna kitu.

Dampo lenyewe silipingi, Dada. Maduka ya njia panda yameongezeka, ipo mashine ya kusaga, ipo zahanati, na taka zote zinachomwa nyuma ya maduka, moshi mpaka kwenye vyumba vya wagonjwa. Ni lazima ziende mahali. Wamelitafuta eneo la wazi lisilotumika, karibu na barabara, wakalipata. Ni chumba nilichozaliwa.

Jumapili, 16 Machi

Baba watoto amepiga. Nikamweleza kwa haraka kabla mtandao haujakatika. Akasema, "Hilo ni shamba lenu, wewe na dada yako, mimi nitasema nini? Likichukuliwa, njoo huku tupange chumba." Nikamwuliza chumba kitalimwa nini. Akacheka. Mtandao ukakatika, au aliukata yeye.

Jumanne, 18 Machi

Mtoto amelala, mvua inanyesha, sina pa kukimbilia. Acha niliseme.

Ni mimi niliyetuondoa kwenye ramani.

Wapimaji walikuja Agosti iliyopita, kiangazi, mtoto ana wiki tano. Shamba lilikuwa pori kwa sababu msimu ule sikulima, nilikuwa na tumbo la miezi sita wakati wenzangu wanapanda. Asubuhi Mama Redio alipita nyumba kwa nyumba. Unamfahamu, habari ikimlala tumboni anaumwa. "Wanakuja kuhesabu nyumba na mifugo! Mwenye nyumba kodi, mwenye mbuzi kodi, mwenye kuku sijui! Ficheni!" Dada, ungecheka. Mbuzi waliswagwa mpaka bondeni. Mzee mmoja alifunga ng'ombe wake ndani ya chumba cha kulala, akasimama mlangoni anakohoa kila ng'ombe akilia.

Mimi nikaanua nguo. Nepi zote, kanga zote, mpaka kitambaa cha mezani. Nikaingiza vyungu, nikafunga mlango kwa kufuli, nikambeba mtoto, nikamshika Swali mkono, tukaenda kusimama njiani kama watu wanaosubiri kitu. Akaja afisa wa mipango, mwanamke mwembamba mwenye miwani, kalamu za rangi zimejaa mfukoni kama meno ya kitana. Ndiyo maana wanamwita Madamu Kalamu. Akauliza, "Hapa ni kwa nani?"

"Hapana mtu, madamu. Wenyewe walihama. Hiyo nyumba ni gofu tu."

"Na wewe?"

"Mimi ni jirani. Napita."

Akanipa fomu nithibitishe. Nikaandika jina langu kwa mwandiko wangu mzuri, ule ulionifundisha wewe kwa kunichapa vidole, kwenye mstari uliosema: jirani aliyethibitisha kuwa eneo halitumiki.

Sikuombwa hata mara mbili.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua kutwa. Nepi hazikauki. Nimeziacha kwenye kamba hivyo hivyo. Atakayepita aone kwamba hapa wanaishi watu.

Jumatatu, 24 Machi

Leo nimecheka peke yangu barabarani. Paa la ofisi ya kata limevuja juu ya ramani na rangi imechuruzika. Kahawia yetu imeshuka taratibu, ikavuka mkondo, ikameza shamba la mwenyekiti wa kijiji na nusu ya zizi lake. Watu wakaanza: "Pole, mwenyekiti! Tutakuletea maganda ya ndizi mlangoni!" Mwenyekiti akaingia ofisini. Saa nane mchana ilikuwepo ramani mpya, imefunikwa nailoni, shamba lake kijani kibichi.

Kwa hiyo inawezekana. Ramani hubadilika kwa siku moja, mradi uwe mtu anayeonekana.

Jumamosi, 29 Machi

Mtoto aliamka na homa. Nilimfunga mgongoni, juu yake nikaweka nailoni, Swali nikamshika mkono, tukaenda zahanati kwa tope lile la kunasa viatu. Kandambili moja ya Swali imebaki kwenye tope. Nesi akanipa dawa na kuniuliza, "Umekuja na nani?" Nikatazama nyuma yangu kama mjinga, kana kwamba huenda yupo mtu nimemsahau.

Nilikukumbuka sana pale kwenye benchi. Nilipougua surua ulinibeba wewe, si Mama. Mama alikuwa kibaruani. Ulinibeba mpaka zahanati ile ile, na wewe ulikuwa mtoto wa darasa la sita. Sijui kwa nini siku ya kugombana hili halikunijia hata kidogo. Nilichokumbuka ni kwamba unataka tuuze shamba na kwamba unalibeba lile kopo la biskuti lenye karatasi zote za Baba. Ulisema nitazipoteza kama nilivyopoteza kitambulisho. Nikakujibu, "Chukua! Karatasi hazilimi!" Nikakuita mwanamke asiye na mtoto wala shukrani. La shukrani nalifuta. La mtoto sijui hufutwa na nini.

Tuliporudi tulikuta vigingi vinne vimepigwa, vichwa vyake vimepakwa kahawia. Kimoja kipo hatua nane kutoka mlangoni. Homa imeshuka. Kwenye kigingi nimeanika shati la mtoto.

Jumatano, 2 Aprili

Nimepeleka pingamizi. Niliandika kwamba nyumba ipo na watu wanaishi. Sikuandika la kusaini kama jirani. Nilijifunga kilemba mpaka kwenye nyusi nisitambulike, nikaingia.

Madamu Kalamu alisoma karatasi mpaka mwisho. Akavua miwani, akaifuta, akavaa, akanitazama mimi, akamtazama Swali.

"Wewe si ndiye jirani?"

Swali akajibu kabla yangu. "Siyo jirani, ni Mama."

Nilitamani ardhi ipasuke, kahawia na yote. Akatoa fomu ya Agosti kutoka kwenye faili, akaiweka mezani kandokando ya pingamizi langu. Mwandiko mmoja.

"Dada," akasema, "mimi naandika ninachoambiwa. Sina macho ya kuona nyuma ya kufuli. Sasa ipi ni kweli?"

"Hii ya leo."

"Basi ya Agosti lazima uitengue mwenyewe, mbele ya kikao, watu wakisikia. Au lete hoja nyingine ya kuhamisha dampo, hiyo haitanilazimu kukuuliza habari za Agosti. Chagua."

Nilikuwa nimemchukia mwanamke huyu tangu siku ya ramani. Leo nimeona kwamba soli ya kiatu chake imefungwa kwa waya.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimegombana na Mama Redio. Nilimwomba aje kikaoni aseme kwamba sisi sote tulificha, si mimi peke yangu. Akajifanya hamnazo. "Mimi? Nilificha nini mimi?"

"Mbuzi kumi na mmoja, shoga. Mmoja alizalia bondeni."

"Wakitutoza faini nitalipa kwa mkia wa mbuzi?" Kisha akaniambia kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma zaidi, "Wewe mwenzangu una dada mjini. Mimi nina nani?"

Nilitaka kumwambia kwamba dada huyo hapokei simu yangu. Nikaaga, nikarudi kwangu.

Jumanne, 8 Aprili

Swali analia. Ana vifuniko vya soda ishirini anavyoviita watu wake, kila kimoja amekitoboa macho mawili kwa msumari. Alikuwa amewajengea kijiji kwenye mfereji ule ulio kati ya nyumba na kigingi. Mvua imewazoa wote. "Mama, watu wangu wamehamia wapi?" Nikamwambia wamekwenda kutembea. "Hawakuaga?"

Alhamisi, 10 Aprili

Andika siku hii kichwani mwako.

Tulikwenda chemchemi kuteka maji. Unakumbuka pale, jiwe lenye nyufa, ndoo zimepangwa, wanawake wanasengenyana. Swali akapiga kelele: "Watu wangu!" Kwenye kidimbwi, palepale tunapozamisha madumu, kulikuwa na vifuniko vitatu, vyote vina macho mawili. Nikaweka ndoo chini. Nikatafuta kwenye mchanga nikapata vingine vitatu.

Nilirudi nyumbani nikihesabu hatua. Mia tatu na kumi na mbili, mteremko mtupu. Mvua ya jioni moja ilivichukua vifuniko kutoka mlangoni kwetu ikavitia kwenye maji ya kunywa ya kijiji kizima. Sasa weka badala ya vifuniko sindano za zahanati, na pampasi, na mafuta machafu ya mashine.

Wapimaji walikuja kiangazi. Kiangazi mfereji ule haupo.

Nimelala kidogo mchana, usingizi mzuri wa kwanza tangu Machi. Hii ndiyo hoja nyingine. Nitasema la maji, dampo litahama, na Agosti itabaki kwenye faili.

Jumapili, 13 Aprili

Simu haikuita.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua. Nimekuwa nikilifikiria lile la Madamu Kalamu na halikai sawa. Nikisema la maji tu, kahawia itaondoka, lakini kinukta hakitawekwa. Tutabaki eneo la wazi. Mwaka wowote atakuja mwingine anayetafuta eneo la wazi, la kuegesha malori au la kumwaga kokoto, atafungua faili na kunikuta mimi humo, nathibitisha kwamba sipo.

Jumamosi, 19 Aprili

Mtoto ametambaa mpaka kwenye kigingi, akakishika, akasimama. Mara yake ya kwanza kusimama. Sikuwa na mtu wa kumwita aje aone, nikampigia makofi mwenyewe.

Alhamisi, 24 Aprili

Kikao kilikuwa kwenye darasa la shule, watu wazima tumekunjika kwenye madawati ya watoto, magoti kidevuni. Mvua juu ya bati, kila anayesema lazima apige kelele. Mbele alikaa mwenyekiti, Madamu Kalamu, na wajumbe watatu wa kamati. Ramani ilikuwa imetandazwa mezani. Mama Redio alikaa nyuma kabisa, kajifunika mtandio, kimya. Sijawahi kumwona kimya.

Walitangulia wengine. Mmoja alilalamika njia ya ng'ombe inapita kwenye migomba yake. Mwingine alisema mengi, tukaja kugundua hapingi chochote, alitaka tu kutuonyesha koti. Kisha nikaitwa.

Nilikwenda na mtoto mgongoni na Swali mkononi. Nikamwaga vifuniko sita juu ya ramani.

"Hii ni nini, mama?" mwenyekiti akauliza. "Umetuletea soda zilizokwisha?"

Wakacheka. Nikangoja. Nikaeleza kuhusu mfereji, chemchemi, hatua mia tatu na kumi na mbili. Nikaeleza kwamba mvua ya jioni moja ilitosha. Nikageukia madawati nikauliza, "Nani hapa hanywi maji ya chemchemi?" Hakuinuka mtu. Mjumbe mmoja akachukua kifuniko, akakigeuza, akaangalia yale macho mawili, akakirudisha polepole kama kitu cha mwenyewe. Ni cha mwenyewe kweli. Swali alikuwa amemkodolea macho.

Madamu Kalamu akaandika. "Hoja ya maji imepokelewa. Dampo halitawekwa pale mpaka mtaalamu wa maji apime wakati wa mvua." Akaniangalia juu ya miwani. "Una lingine?"

Ningeweza kusema hapana, Dada. Ningerudi nyumbani na ushindi wangu mdogo, na watu wangenipongeza. Miguu yangu ilishaanza kugeuka.

"Ninalo," nikasema. "Fomu ya Agosti. Aliyesaini kama jirani ni mimi. Sikuwa jirani. Nilikuwa mwenyewe. Niliwadanganya wapimaji kwamba nyumba ni gofu na kwamba mimi napita. Naitengua sahihi ile."

Mwenyekiti akajipigia mapaja.

"Kwa hiyo ulikuwa mpita njia mlangoni kwako mwenyewe?"

"Ndiyo, mwenyekiti. Nilipita, ufunguo mkononi."

Hapo walicheka mpaka madawati yakalia. Mtoto akaamka akaanza kulia naye. Nikamleta mbele, nikampa titi palepale, nikasema, "Chekeni. Mkimaliza nitaendelea."

Walipomaliza nikaendelea. Nikasema naishi pale, nimezaliwa pale, Mama amefia pale, mtoto huyu amesimama pale Jumamosi iliyopita. Nikasema shamba lilikuwa pori msimu mmoja kwa sababu nilikuwa mjamzito, na kama kila shamba la mjamzito ni eneo la wazi basi wilaya nzima ni dampo.

"Aliyeficha kama mimi siku ile," nikasema, "asimame tu. Sihitaji aseme."

Nilihesabu moyoni mpaka ishirini. Hakusimama mtu. Yule mzee wa ng'ombe wa chumbani alitazama kucha zake. Mama Redio alishusha mtandio mpaka puani.

Madamu Kalamu akasema kwa sauti ya kiofisi kwamba sahihi ya Agosti imetenguliwa, lakini kutengua si kuthibitisha. Nyumba itawekwa kwenye ramani na shamba litarudi kijani nikileta uthibitisho wa umiliki na wa makazi kabla ya ofisi kufungwa Ijumaa tarehe 23 Mei. Nisipoleta, litabaki eneo la wazi. Akauliza, "Karatasi unazo?"

"Zipo kwa dada yangu."

"Mnaelewana?"

Watu wote walikuwa wanasikiliza. Nikasema, "Ni dada yangu."

Tulirudi peke yetu. Swali alibeba vifuniko vyake kwenye sketi.

Ijumaa, 25 Aprili

Asubuhi Mama Redio alikuja, akakaa kwenye kizingiti, hakuingia. Akatoa chini ya kanga fomu ya pingamizi, tupu, imekunjwa mara nane. Kumbe nusu ya malisho yake imepakwa njano, itapimwa viwanja, kwa sababu alisema hana mbuzi hata mmoja. Madamu Kalamu amekubali kupokea za waliochelewa mpaka mwisho wa wiki ijayo.

"Niandikie wewe, mwenzangu. Wewe una mwandiko."

Jana nilihesabu mpaka ishirini kwa ajili yake. Nilitaka kumfungia mlango. Nikaleta kigoda.

"Nitaandika," nikamwambia, "lakini utasema mwenyewe. Neno kwa neno. Mbuzi wangapi?"

Akatazama huku na huku. "Kumi na mmoja."

"Sema kwa sauti, mvua inanyesha."

"Kumi na mmoja! Na yule aliyezaliwa bondeni, kumi na wawili!"

Tulicheka wote. Alipoondoka alisimama kwenye kamba, akakamua nepi moja iliyokuwa inachuruzika, akaianika upya. Sijamsamehe sawasawa. Lakini nepi ile ilikauka kabla ya zingine.

Jumanne, 29 Aprili

Jua, saa tatu nzima.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua inapungua. Mtaalamu wa maji alikuja juzi, mwanamume mwenye buti refu, akapima mteremko, akachukua maji kwenye chupa. Swali alimpa kifuniko kimoja akakitia mfukoni. Madamu Kalamu alikuwa naye. Aliniuliza kama dada yangu amejibu. Nikasema bado sijampelekea daftari. Akasema, "Mama, siku zinakwenda," bila ukali. Ni mara ya kwanza kuniita hivyo.

Basi linaondoka kesho asubuhi. Dereva amekubali kulibeba daftari na kukukabidhi mkononi, si mlinzi wa getini.

Dada, sikuombi unisamehe kwa haraka ya ofisi. Nusu ya shamba ni yako, na niliposema mbele ya kikao "naishi pale" nilisema kwa ajili ya nusu yangu tu. Kama bado unataka tuuze, tukae tuzungumze, nitakusikiliza mpaka mwisho safari hii. Lakini huwezi kuuza eneo la wazi lenye jirani anayepita. Kwanza turudi kwenye ramani, tugombane baadaye.

Karatasi hazilimi, nilisema. Msimu huu nimelima, mahindi yamefika kiunoni, na hayanisaidii kitu bila hizo karatasi. Umeona unavyonishinda hata ukiwa haupo?

Ninavyohitaji, naomba uvitume kwa dereva huyo huyo, vifike kabla ya 23 Mei:

Hati ya mauziano ya Baba, ile ya njano yenye muhuri wa duara na dole gumba la shahidi wa tatu. Iwe yenyewe, si nakala. Itakuwa chini kabisa ya kopo.

Cheti cha kifo cha Baba, na cha Mama.

Nakala ya kitambulisho chako, mbele na nyuma, iwe inasomeka.

Sahihi yako kwenye fomu niliyoikunja ndani ya jalada la daftari hili. Nimeweka alama ya penseli pa kusaini. Soma kabla ya kusaini, mstari kwa mstari. Mimi sikusoma.

Barua fupi ya mkono wako inayosema nyumba ile inakaliwa na nani tangu lini. Mistari miwili inatosha ofisi.

Ile picha ya Mama amesimama mlangoni, nguo zimejaa kwenye kamba nyuma yake, na wewe umenibeba kiunoni. Madamu Kalamu anasema picha inakubalika kama nyumba inaonekana. Inaonekana. Nitakurudishia.

Kandambili za mtoto wa miaka mitano, kama zipo huko. Moja ilibaki kwenye tope.

Na namba ya simu ambayo unapokea.